Aliyeitika kwa Jina la Polikarpo

Kopo la rangi lilikuwa limelala chini ya ukuta, halijashikwa na mtu, na gololi iliyomo ndani yake ikagonga. Tak. Klementina, aliyekuwa akiosha mchele hatua chache kutoka hapo, aliinua kichwa akamtazama mumewe. Vitus alikuwa amesimama mbele ya gari, mikono haikushika kitu ila unga, bado anaucheka utani wake mwenyewe.

Utani huo inabidi uelezwe, maana bila huo kusingekuwa na hadithi. Kungekuwa na gari kuukuu lililopakwa rangi vibaya, basi.

Gari lilikuwa la baba yake Klementina, mzee Polikarpo wa Lupiro, aliyefariki siku thelathini na tatu kabla. Lilikuwa Korola nyeupe, lililobeba magunia ya mpunga na matenga ya kambale mpaka weupe wake ukabaki jambo la kusimuliwa. Vitus alikuwa mwalimu wa jiografia, mtu mwema mwenye udhaifu mmoja tu, kupenda kuonekana. Alikata shauri kwamba hawatavuka daraja kwenda misa ya arobaini na gari la namna ile, wakwe wakamtazama. Mafundi wa rangi wamejaa Ifakara, lakini Vitus alikuwa ameshatazama video nne kwenye simu, na mtu aliyetazama video nne haambiwi kitu. Akanunua makopo ya kupuliza, meusi kumi na mawili na moja la rangi ya fedha. Akapiga msasa, akafunika vioo vyote kwa magazeti na selotepu, akamwagia ua maji ili pumba za mashine ya mpunga ya jirani zisiruke zikanata. Zilinata vilevile. Rangi nayo ilichuruzika milangoni kama uji. Klementina, ambaye kazi yake ni kupanga mbu chini ya hadubini, majike huku, madume kule, alimwambia avae barakoa.

"Haya, Daktari," alijibu Vitus, na hakuvaa.

Mwisho alikata herufi kwenye boksi la sabuni, akapuliza jina juu ya buti kwa rangi ya fedha: POLIKARPO. Angeishia hapo, yasingetokea mengine.

Katika ukoo wa akina Klementina, jina la marehemu haliendi kaburini. Siku ya arobaini shangazi mkubwa hutandika mkeka, mrithi hukaa, hupakwa unga wa mchele kwenye paji la uso, kisha huitwa kwa jina la marehemu mara tatu. Akishaitika mara ya tatu, jina limempata mtu. Vitus alishaona hayo kwa shemeji zake na yalimchekesha sana, ingawa siku ile alijikaza. Sasa alichota unga jikoni, akaupaka kwenye boneti, akakunja uso kama shangazi, akaita. Polikarpo. Polikarpo. Polikarpo.

Klementina alicheka. Hilo ndilo lililomkaa moyoni baadaye, kwamba na yeye alicheka. Ndipo gololi ikagonga.

Kesho yake ua ulinuka udongo. Haikuwa harufu ya rangi, wala ya tope la maji waliyomwaga. Ilikuwa ile ya udongo wa chini, wa baridi, ambao umetolewa shimoni sasa hivi. Klementina aliujua, alikuwa ameunusa wiki tano tu zilizopita akiwa ameshika ua la plastiki kaburini kwa baba yake. Alizunguka nyumba nzima akitafuta nani kachimba nini. Hakuna aliyechimba.

Siku hiyohiyo Vitus alianza kukohoa. Mkewe alimwambia alichokuwa amekwisha kumwambia kuhusu barakoa, kwa urefu, na kwa siku mbili walikubaliana kwamba ni moshi wa rangi. Siku ya tatu hakuweza kumaliza sentensi. Hospitalini walimpiga picha ya kifua wakasema mapafu ni safi. Walimwekea oksijeni, ikawa kama kumwaga maji kwenye ungo, inaingia lakini haikai. Wakaandika rufaa ya Morogoro. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda Mlimba na kukwama huko, wakaambiwa wasubiri hadi kesho. Klementina hakusubiri. Alimrudisha nyumbani kwa bajaji, akamlaza kitanda cha dirishani, akatoka uani saa saba mchana kubandua magazeti, ampeleke Morogoro mwenyewe kwa gari la baba yake.

Gazeti la kwanza, la kioo cha dereva, lilibanduka na kioo kilikuwa na ukungu.

Alikifuta kwa kiganja. Ukungu haukufutika, ulikuwa upande wa ndani. Milango ilikuwa imefungwa, ufunguo uko mfukoni mwake, jua la Juni liko utosini, na ukungu ule ulikuwa ukienea polepole kisha ukirudi nyuma, ukienea tena, ukirudi, namna kioo kinavyofanya mtu anapokiwekea mdomo.

Klementina hakukimbia. Miaka tisa ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba jambo usilolielewa unalihesabu, basi alisogea mahali ambapo aliweza kuona kioo cha gari kwa jicho moja na kifua cha mumewe dirishani kwa jingine, akatazama saa yake, na akaona kwamba kila Vitus alipotoa pumzi kioo kiliingia ukungu, na kila alipovuta ukungu ulirudi nyuma bila kumrudishia chochote, na kifua cha mumewe kilipanda kidogo kuliko kilivyopanda kabla, na kwamba pumzi za dakika ya kwanza zilikuwa kumi na moja, za dakika ya pili kumi, na za dakika ya tatu, aliyoirudia kuihesabu kwa sababu hakutaka kuiamini, zilikuwa tisa.

Akaokota msasa akaanza kufuta jina. Alipofika kwenye bati tupu, herufi ya kwanza ya rangi ya fedha ilikuwa ipo palepale, na ndani ya nyumba kifua cha Vitus kilikuwa kimesimama. Akautupa msasa. Kikapanda tena.

Ndipo akampigia simu shangazi yake, Mariana, wa Lupiro.

Shangazi Mariana alifika kwa bodaboda kabla ya saa kumi, mkeka kwapani, rozari shingoni, akilalamika kwamba dereva anaendesha kama amelaaniwa. Klementina alimpa shikamoo, akaitikiwa, kisha akahojiwa kwa sauti ya chini kama polisi anavyomhoji mtoto wa mkubwa. Walimwita mara ngapi? Mara tatu. Na unga walimpaka? Walimpaka. Shangazi alilitazama gari kwa mbali na hakulisogelea.

"Baba amekasirika?" aliuliza Klementina, na mwenyewe alijishangaa kwa swali hilo.

"Baba yako?" Shangazi alishusha sauti zaidi. "Kaka yangu hayumo humo. Kaka yangu alishakwenda zake, nilimuaga mwenyewe. Nyie mmeita jina ambalo bado halina mtu, kwenye chombo ambacho hakina mtu. Kapita wa kupita, kaitika."

"Ni nani?"

"Usiniulize. Na usimuulize yeye."

Alieleza kwamba jina haliwezi kufutwa, linahamishwa. Likipata mtu wa kulibeba, yule hana tena pa kukaa. Lakini lazima iwe leo, na awe wa damu ya Polikarpo, na kaka zake Klementina wote wawili wako Masagati, mwendo wa siku nzima.

"Nitakaa mimi," alisema Klementina.

"Wewe mwanamke. Jina la kiume."

"Kwani jina linajua?"

Shangazi alimtazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo karibu acheke. "Halijui," alisema, akatandika mkeka.

Aliutandika kati ya gari na dirisha. Unga ulikuwa wa baridi kwenye paji la uso. Shangazi alipiga ishara ya msalaba, akasema maneno ya kwao ambayo Klementina aliyaelewa nusu, akaita.

"Polikarpo."

"Bee," aliitika Klementina. Kioo cha dereva kikaanza kukauka kutoka pembeni kuja katikati.

"Polikarpo."

"Bee." Nyuma yake, dirishani, Vitus alivuta pumzi moja ndefu yenye mlio, ya mtu aliyetolewa majini, na kitanda kikalia alipoinuka kuketi. Shangazi aligeuka kumtazama, uso umejaa machozi na ushindi. Kioo cha dereva kilikuwa kikavu, safi, na ndani kulikuwa na viti na usukani, hakuna kingine.

Hapo ndipo akili ya Klementina, iliyokuwa imeganda tangu saa saba, ilipoanza tena kufanya kazi, ikamwambia taratibu kwamba kama mahali pale hapana mtu tena basi mtu huyo amekwenda mahali, na kwamba alikuja mara ya kwanza si kwa sababu ya gari wala rangi bali kwa sababu aliitwa kwa jina hilo mara tatu juu ya unga, na kwamba sasa jina hilohilo linaitwa mara tatu, juu ya unga, na pa kukaa pamebaki mahali pamoja tu, yeye mwenyewe. Akataka kumshika shangazi mkono. Shangazi alikuwa ameshafungua mdomo.

"Polikarpo."

Klementina alibana meno. Alibana midomo mpaka ikamuuma, akashusha kichwa, hakutoa hata pumzi.

"Bee," sauti yake ikaitika, kwa adabu, kama mtoto aliyelelewa vizuri.

Shangazi akapiga vigelegele. Majirani wa mashine ya mpunga wakaitikia kwa vigelegele vyao bila kujua wanashangilia nini. Vitus akatokea mlangoni, ameshika mwimo, kadhoofu, anapumua kama binadamu, na anatabasamu kwa aibu ya mtu anayejua kwamba atasemwa mwezi mzima.

Klementina alitaka kumwambia asisogee. Alilipanga neno, akalisukuma kwa nguvu zake zote, likafika kooni likakuta pamejaa. Kisha akamsikia mtu akisema, kwa sauti ya Klementina, ileile nzuri ya kumtania mumewe:

"Mwalimu, njoo ukae hapa mkekani."

Na Vitus akaja.