Bwawa la Marehemu Shabbir

Kila asubuhi kabla ya shule, Mwaija alikwenda na ndoo kuteka maji kwenye kisima kilichokuwa chini ya bwawa. Bwawa lenyewe halikuwa la kijiji. Marehemu Shabbir, mfanyabiashara wa Korogwe mjini, alilijenga hapo Makuyuni ili wanawe waogelee na kupiga makasia siku za mapumziko. Tangu afariki, hakuna aliyekuja kulitazama. Vichaka viliota juu ya tuta, ule ukuta wa udongo uliozuia maji, na mbuzi walilikanyaga watakavyo.

Masika hayo mvua haikupumzika. Asubuhi moja Mwaija alikuta maji yakichuruzika chini ya tuta, mahali palipokuwa pakavu siku zote. Yalikuwa mekundu kwa tope. Kesho yake yalikuwa yameongezeka.

Jioni alimwambia mama yake, Maryamu, aliyekuwa ametoka kupalilia mahindi.

"Bwawa lina mwenyewe, mwanangu," Maryamu alijibu huku akijinyoosha mgongo. "Nikitoka shamba, nguvu ya kuhangaikia mali ya watu naitoa wapi?"

 Mwaija naye alikuwa amechoka. Lakini nyumba yao na za majirani zilikuwa bondeni, chini ya tuta lilelile.

Jumamosi walikwenda mjini kuuza bamia. Mwaija akambembeleza mama yake mpaka wakapitia duka la vitambaa la Heena, binti wa marehemu. Walimkuta ameegemea meza, kichwa mkononi.

"Shikamoo, mama," Mwaija alisalimia.

"Marahaba. Mnatafuta kitenge?"

"Hapana, mama. Bwawa lenu linatoa maji ya tope chini ya tuta."

Heena alishusha pumzi. "Lile bwawa limenichosha. Nimetafuta wa kulinunua, sikumpata. Ndugu zangu wako mbali, hata kulisikia hawataki. Nitakuja mvua zikipungua."

"Sisi tunalala chini yake," Mwaija alisema taratibu.

Heena aliinuka pale mezani. Kisha akaanza kufunga duka.

Mchana huohuo alifika Makuyuni na fundi wa mabwawa. Fundi aliinama, akayakinga yale maji kiganjani.

"Udongo wa tuta unaliwa na maji kwa ndani," alisema. "Watu wa bondeni wahame sasa hivi. Halafu tuyatoe maji polepole."

Maryamu alikwenda nyumba kwa nyumba, akawapeleka watu shuleni, mlimani. Koki ya bomba la kutolea maji ilikuwa imeshika kutu. Wanaume waliizungusha kwa zamu mpaka mikono ikachubuka. Heena alikuwa pamoja nao, tope magotini. Maji yalipopungua, tuta lilikuwa bado limesimama. Ndani ya bwawa ulibaki mtumbwi mdogo umelala ubavu.

"Pole," Maryamu alimwambia Heena. "Nami nilisema si kazi yangu, kana kwamba maji yangebisha hodi kwanza."

Heena alijifuta uso kwa mtandio. "Baba alilipenda, ndiyo maana alilitunza. Mimi nilidhani nikilichoka, halitakuwa langu tena." Akamgeukia Mwaija. "Shika hili, mwanangu: kitu chako ni chako hata siku umekichoka, na kikimdhuru mtu, ni wewe uliyemdhuru. Na ukiona hatari kwenye mali ya mwenzio, mwambie. Akichelewa kusikia, mwambie tena, kama ulivyoniambia mimi."