Kilio Kilichopigiwa Gitaa

Hii habari ya santuri ya Willis Osundwa nimeisema mpaka mate yamenikauka, na bado mnakuja kuniketia hapa na hayo macho. Mbona hamwendi kumuuliza Milcah mwenyewe? Mnamwogopa. Mnajua atawafukuza na mwiko. Haya, nitaisema leo na sitairudia. Anayetaka kucheka acheke sasa, kwa sababu mbele hakuna kicheko.

Milcah alikuwa mke wa Willis, na hiyo peke yake ni kazi ya kumchosha mtu. Ujanani Willis alikuwa fundi wa kunasa sauti hapa Kakamega mjini. Alikuwa na mashine ya utepe kubwa kama sanduku la nguo, na aliitwa kila penye kelele: harusi, kwaya, siasa, matanga. Uzeeni mashine mpya zikamshinda, akapewa nusu saa katika redio moja ndogo ya mjini, kila Jumamosi, kuhakiki santuri za zamani. Kuhakiki ni kukaa kitako ukisikiliza jasho la mwenzako, halafu unasema limepungua chumvi. Kazi ilimfaa.

Basi vijana fulani wa Nairobi wakaifufua santuri ya Radi Kavu. Wakubwa mnaikumbuka hiyo bendi. Ilikuwa ile roki ya gitaa za umeme, suruali zimewabana mpaka unawaonea huruma, na mpiga ngoma anayepiga kama mtu anayefukuza nyani shambani. Walivuma nchi nzima kwa santuri moja tu, iliyonaswa hapa Kakamega, jukwaani, mbele ya umati. Hivyo ndivyo jalada lilivyosema. Na aliyeinasa ni Willis. Redio ikaona ni vizuri aihakiki yeye mwenyewe, na Willis akacheka kicheko kifupi ambacho Milcah hakukipenda.

Aliiweka kwenye mashine ya santuri alasiri, mvua ikijikusanya upande wa msitu. Milcah alikuwa jikoni akichambua mrenda. Gitaa zikanguruma, vikombe vikatetemeka kabatini, wimbo ukaisha, umati ukalipuka. Kabla umati haujanyamaza, jirani yao Awinja akaingia langoni, leso kiunoni, mkononi sukari na majani chai, machozi tayari mashavuni.

"Mama Maurine," akasema, "ni nani ametuacha?"

Milcah alimwambia hakuna aliyekufa, ni santuri ya mzee tu. Awinja akasimama palepale akisikiliza. Wimbo mwingine ukaisha, umati ukapaa tena, naye akatikisa kichwa polepole, akasema yeye amelia kwenye matanga ya watu tangu utotoni na hawezi kudanganywa. Hapo kuna mtu amelazwa. Kisha akaenda zake, na sukari akarudi nayo.

Jumamosi Willis alisoma uhakiki wake redioni. Milcah aliusikiliza akipiga pasi. Gitaa limenolewa, alisema Willis, ngoma zinakimbia mbele kidogo, mwimbaji anapayuka lakini anapayuka kwa moyo. Ila utukufu wa santuri hii ni umati wake, umati wenye moto, hautapatikana mwingine. Alipofika hapo kwenye umati alikohoa. Milcah alikuwa ameishi na kile kikohozi miaka mingi, akajua kinafunika kitu.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Kila alasiri mvua ikianza, sebule ilinuka turubai bichi, majani ya mgomba yaliyokanyagwa na moshi wa kuni mbichi, na chini ya hayo yote udongo mwekundu uliotoka kuchimbuliwa. Milcah alideki sakafu tena na tena mpaka kiuno kikamwambia basi. Harufu ikabaki. Kisha zikaja sauti. Mashine ilikuwa imezimwa, santuri imo ndani ya jalada lake, lakini kwenye spika alisikia wanawake wakivuta pumzi, ile pumzi ya kujaza kifua kabla ya kulia, wanaivuta na hawaitoi. Alimwambia mumewe. Mumewe akasema ni umeme.

Siku moja alitoka jikoni na chai, akakuta nyayo za matope zimeingia kutoka mlangoni, nyayo za miguu mitupu, nyingi, za watu wazima na za watoto, zimeingia hakuna zilizotoka, na alipozifuata kwa macho akaona zimezunguka kiti cha Willis kama watu wanavyozunguka jeneza, na kwenye kiti, mgongo ukiwa kwake, kulikuwa na mtu aliyejitanda shuka nyeupe kutoka kichwani mpaka chini, amekaa kwa subira kama mgonjwa anayengoja kuitwa na daktari, na Milcah akataka kupiga kelele lakini alihisi koo lake limeshikwa kwa ndani na mkono mdogo, mkavu, wa bibi kizee. Chai ilimwagika. Kiti kilikuwa kitupu, kina unyevu.

Hata hivyo hakuna aliyejua ubaya wenyewe mpaka kwenye matanga ya mzee Andati, baba mkwe wa Awinja.

Kwetu mwanamke hafiki kilioni kimya. Anaanzia barabarani, mikono kichwani, ili marehemu ajue nani anakuja. Anayefika amefunga mdomo, watu wanajiuliza anaficha nini. Milcah alipofika langoni alifungua mdomo alie, na kilichotoka ni mbinja, mbinja ya kijana mhuni. Akaziba mdomo haraka. Watu wakadhani ni watoto wa uani. Akakaa nyuma siku nzima, leso imebanwa kwenye meno. Lakini kaburini, sanduku lilipokuwa linashuka, kilio kilimpanda chenyewe, leso ikaanguka, na kutoka kwenye koo la yule mama wa kanisa ikatoka sauti nene ya mwanamume, yenye furaha, inayopaa mpaka ng'ambo ya mto:

"Tena! Tena! Tena!"

Kamba zilisimama mikononi mwa wachimbaji. Mtoto mmoja akaanza kulia kweli. Awinja ndiye aliyemfunika kichwa na kumwondoa, akiwaambia watu ni dawa za presha.

Jioni ileile habari ikaja kutoka Lubao kwamba mama yake Milcah ameacha kula. Milcah akakaa kwenye ngazi ya jikoni. Aliona tu siku atakaposimama juu ya kaburi la mama yake mzazi na kuita tena, tena. Wangesema yeye ndiye aliyemuua. Na mama yake angeondoka bila kujua kama binti alikuja.

Aliingia sebuleni, akafunga mlango.

"Baba Maurine, sauti iliyotoka kwangu leo ni yako. Ya ujana wako. Nimeolewa na hilo koo, nalijua. Ulifanya nini?"

Willis akageukia ukuta, akasema yote. Siku ya tamasha la Radi Kavu ilinyesha mvua ya kufukuza mbwa. Hakuja mtu, ila mlinzi na waliokuwa wanajikinga barazani. Mwenye bendi akataka santuri ya umati vilevile. Na Willis alikuwa na utepe mwingine, aliotoka nao Bukura, wa matanga ya mama mmoja aliyekuwa na mtoto wa pekee, Wanjala. Wanjala alikuwa masomoni Ulaya, hakuweza kuja. Ndugu wakamwita Willis anase kilio, ili mtoto asikie huko aliko jinsi mama yake alivyosindikizwa. Willis akakata kile kilio vipandevipande, akakibandika baina ya nyimbo, akakipandisha juu, na juu yake akaongeza sauti yake mwenyewe akipiga mbinja na kuita tena, tena. Watu wa Bukura aliwaambia utepe umenyeshewa.

"Na Wanjala?"

"Alifia hukohuko. Hakuwahi kusikia."

Milcah hakumtukana. Alikuwa amechoka kuliko matusi. Kesho yake alimpigia simu Asiya wa Mumias, anayetibu wenye majini.

Asiya alifika na chetezo ndani ya kikapu, akatoa salamu zake, akavua viatu, akasema miguu inamuuma na anataka chai kwanza. Alikunywa chai. Aliisikiliza habari yote bila kushangaa. Akafukiza ubani, akamkalisha Milcah mkekani, akamweka Willis mbele yake. Mvua ikaanza kwenye mabati. Ubani ukazimwa na ile harufu ya udongo. Mashine haikuwashwa, santuri haikuguswa, lakini umati ulianza ndani ya spika, mdogo, halafu mkubwa, ukajaa chumba, ukajaa bati, shangwe na vilio vimeshikamana hujui lipi ni lipi, kisha ukakatika ghafla, na katika ule utulivu mdomo wa Milcah ukafunguka na sauti ya bibi kizee ikasema:

"Nimechoka kushangiliwa."

Asiya akauliza taratibu kama atakubali jogoo. Hakutaka. Kama santuri ichomwe. Hakutaka; alisema kilio chake kisifanywe moshi pia. Basi anataka nini? Mkono wa Milcah ukainuka, ukamwelekea Willis.

"Chake."

Asiya akavuta pumzi. Alimweleza Willis kwamba hajui kama huyu ni marehemu mwenyewe ama ni jini aliyeikuta nafasi ya kilio iko wazi akaivaa, na kwamba malipo ni yaleyale. Kila mtu ana kilio kinachomngoja siku ya kuzikwa kwake. Anataka kile kinachomngoja Willis.

"Chote?" akauliza Willis.

"Chote, baba. Hata cha mkeo."

Willis akamtazama Milcah pale mkekani, mdomo uko wazi, macho si yake.

"Mpe," akasema. "Mimi sitakuwa nikisikia."

Jumamosi iliyofuata alisoma uhakiki mwingine. Ulikuwa mfupi. Gitaa limenolewa, alisema. Ngoma zinakimbia mbele. Umati hakuna. Mnaowasikia ni watu wa Bukura wanamlilia Mama Wanjala, na mwizi ni mimi. Hakukohoa. Redio haikumwita tena.

Mama yake Milcah alikufa mwezi huohuo. Milcah alilia kutoka barabara ya lami mpaka mlangoni, kilio kilichonyooka, kila mtu akajua binti amefika.

Willis alimfuata mama mkwe wake mvua za mwaka uliofuata. Watu walijaa, hiyo siwezi kumnyima. Awinja alianzia barabarani, mikono kichwani, mdomo wazi mpaka magego, na hakukutoka kitu. Tukafungua midomo sote. Machozi yalikuwepo, vifua vilipanda na kushuka, na mahali pote kimya. Vijana wa isukuti walipiga ngoma, tukaona ngozi inaruka, hatukusikia. Milcah alijaribu tangu mlangoni mpaka kaburini, mishipa ya shingo imemsimama, na tulichosikia ni udongo tu ukiangukia mbao.

Saa hiyohiyo, huko Bukura, watu walitoka kwenye miwa na majumbani wakiwa na sukari na majani chai, wanaulizana ni nani ametuacha, kwa sababu kilio kikubwa kilikuwa kimejaa kijiji, na ngoma ndani yake. Wakakifuata. Hawakukuta maiti. Walikuta kaburi la zamani la Mama Wanjala, nyasi zimelala pande zote kama pamekaliwa na watu. Wanasema ilisikika sauti ya mwanamke mmoja kuliko wengine wote, na aliyemjua Milcah hakuuliza ni ya nani.

Sisi huku tulimfukia Willis, tukanawa mikono, tukala obusuma na ingokho, ugali na kuku wa matanga, bila neno, tukaenda nyumbani.