Poda ya Bisimwa

Jamani, poda ya kufaulu inajulikana. Siku ya proklamasyo, majina ya waliopita yakishasomwa mbele ya chuo kizima, wenzako hukuvamia na makopo, wakakumwagia hadi masikioni, hadi ndani ya kola, hadi ukohoe. Kwa hiyo siku kama hiyo Colombe alipomwona kijana mmoja sokoni Nyawera, shati jeupe la pasi, poda imekaa utosini tu kwa adabu, alishangaa. Udadisi ulikuwa ugonjwa wake tangu utotoni. Akaacha nyanya alizokuwa akichagua, akamfuata.

"Félicitations, kaka. Nani alikumwangia? Alitumia kijiko?"

Kijana aligeuka, akacheka kabla hajajizuia. "Weye uko police?"

"Niko mu agronomie. Sisi tunaangaliaka kitu mpaka ku muzizi."

"Miye Bisimwa. Droit."

Alipita au hakupita, hakusema. Alirudi naye kwenye nyanya zake, akambebea mpaka kwenye taxi, naye Colombe akampa namba ya simu.

Basi zikaanza simu. "Allô, chérie, ulikula?" "Nilikula. Weye ulilala?" "Kidogo." Kila siku jibu lilikuwa hilo hilo, kidogo, na Colombe alijiuliza ni usingizi gani huo. Lakini alimpenda. Alipenda alivyomtania kuhusu pagne zake, vitenge vya maua makubwa, eti anatembea na bustani.

Masomo yalipoanza tena, alivaa pagne ya kijani, akaenda kumshtukiza mlangoni mwa auditoire ya Droit, ukumbi wa wanaosomea sheria, na beignets, maandazi ya moto. Wanafunzi walitoka wote, yeye hayumo.

"Bisimwa?" mmoja akamwambia. "Huyu hatumuonake tena. Hakupita."

Akapiga simu palepale. "Uko wapi?"

"Mu cours, chérie, professeur iko anafundisha."

Colombe akakata. Roho ilimwuma sana. Kufeli tu hakufichwi hivi, kuna mwanamke mwingine, alijiambia, na papo hapo akataka kujua anaishi mtaa gani na anavaa nini. Wiki ile hakupokea simu zake hata moja. Kisha Bisimwa akaacha kupiga, na kimya kile ndicho kilichomtia hofu. Alimtafuta mpaka akamkuta mtaani Muhumba, mchana kweupe, ameketi kwenye mawe kando ya ziwa, mfuko wa chuo mgongoni, akitazama maji.

"Huyo bibi yako iko wapi?"

"Bibi gani?" Alikuwa amekonda. "Colombe, miye sikupita. Nikiingia mu examen, moyo inapiga, mikono inatetemeka, yote nilisoma inatoka. Ile siku jina yangu haikusomwa, nikarudia nyumbani kwa siri, nikajimwangia poda mwenyewe. Maman aliniona ku mulango, akaanza kucheza. Sasa nitamuambia nini? Siku zingine ninaonaka heri nisirudie nyumbani hata kidogo."

Wivu ulimtoka Colombe, ikabaki hofu. Akaketi karibu naye, akamshika mkono, akaukuta wa baridi.

"Mwaka ya kwanza, miye nilikuwa nalia mu toilettes kila asubuhi," akasema. "Maman Clémence, psychologue wa ku centre de santé, alinisikiliza mpaka nikapona. Kesho tunaenda kwake. Leo tunaenda kwenu."

"Leo?"

"Leo. Niko nyuma yako."

Mama yake Bisimwa, Maman Micheline, alikuwa uani akichambua sombe, majani ya muhogo. Alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, mikono ikiendelea na kazi.

"Ile poda ilikuwa yangu," akasema. "Nilijua harufu yake. Na kopo uliiacha wazi."

Bisimwa akachuchumaa mbele yake. "Sasa maman, ulicheza juu ya nini?"

"Mutoto wa Agathe, jirani yetu, siku jina yake haikusomwa, hakurudia nyumbani mpaka leo. Weye ulirudi. Nilicheza juu ulirudi."

Bisimwa akalia kama mtoto, na mama yake akamwacha alie. Kisha akamtazama Colombe kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. "Na huyu wa maua?"

"Ni Colombe, maman."

"Abakie. Akule."

Walienda pamoja kunawa mikono. Colombe akamnong'oneza, "Jina yako ikisomwa, ni miye nitakumwangia. Mpaka mu masikio."

"Na kama haisomwe?"

"Basi nitakumwangia siku ya ndoa."

"Nani alisema kuna ndoa?"

"Maman yako. Hukumusikia? Alisema nibakie."