Koti la Nesi

Kina mlango, hakina mchana. Ni nini? Ukifika nyumbani kwa fundi cherehani utalipata jibu: kabati lake la ukutani. Mtu mzima anaingia humo na kusimama, lakini halina dirisha, wala soketi, wala waya wa umeme. Vitambaa vya wateja vimepangwa humo, rafu juu ya rafu. Mshumaa fundi hakuthubutu kuingiza, asije akachoma mali za watu. Alinunua taa ndogo ya betri, akaibandika pembeni mwa mlango, akajua kazi imekwisha.

Siku moja nesi mmoja, mteja wake, alifuata koti la kuanzia kazi mpya. Alilijaribu, likamkaa vizuri. Alipotoka nalo barazani akasimama, akanyoosha mikono yote miwili juani.

"Dada fundi," alisema polepole, "mkono huu ni wa bluu. Na huu?"

Ulikuwa mweusi.

Fundi aliomba radhi mpaka maneno yakamwishia. Nesi hakugomba. Alisema tu kwamba anaanza kazi Jumatatu, na koti lisipokuwa tayari keshokutwa, atatafuta fundi mwingine.

Jioni fundi alimwambia mama mkwe wake jambo alilokuwa akilificha. Si mara ya kwanza kuchanganya rangi. Macho yanamwisha, na bila macho cherehani ataiuza.

Mama mkwe alimtazama. "Mbona mchele unauchambua vizuri? Hata kakokoto hakakupiti. Macho gani hayo, mwanangu, yanayougulia kabatini tu?"

Asubuhi akamwita jirani yao, mzee anayetengeneza redio, ambaye mtaa mzima unamwita Waya. Waya alikuja na taa zake mfukoni. Alimwambia fundi aingie kabatini amletee kitambaa cha bluu. Fundi akaleta cheusi.

Waya hakucheka. Aliwasha taa yake mwenyewe, akaishika juu ya rafu. "Tazama tena, binti yangu."

Fundi alitazama, akavishika kimoja kimoja. Vitambaa alivyodhani ni pacha havikuwa hata ndugu.

"Taa yako ina mwanga wa manjano, tena hafifu," Waya alisema. "Kwa chumba cha kulala inafaa. Kwa kuchagua rangi inakudanganya. Tafuta yenye mwanga mweupe, kama wa mchana. Na usinunue kabla hujaijaribu kwenye vitambaa vyako."

"Na kivuli kile kinachoangukia rafu kila nikiingia, mzee wangu?"

"Kivuli ni chako. Umeweka taa nyuma ya mgongo, unajiziba mwenyewe."

Wakazibandika taa mbili mpya chini ya rafu, upande wa mbele, baada ya kufuta vumbi na kukausha ili gundi ishike. Waya alikuwa amechagua zinazowaka mtu akisogea na kujizima akitoka, maana fundi huingia humo mikono imejaa, na taa inayosahauliwa inamaliza betri. Betri zenyewe ni za kuchaji. Alimwonya asichanganye mpya na kuukuu, azitoe zikiisha kabisa maana huvuja na kuharibu taa, na aziweke mbali na watoto.

"Macho nayo kapime," alimalizia. "Taa haitibu."

"Hata angeniuliza mimi ningemwambia hivyo," mama mkwe akasema, "ila mimi silipwi chai."

Fundi aliufumua mkono mweusi. Akachukua kitambaa cha bluu kilichobaki, akakilinganisha na koti mle mle kabatini, kisha akatoka nacho barazani kuhakikisha. Rangi ilikuwa ile ile.

Nesi aliporudi hakuketi. Alilibeba koti moja kwa moja hadi nje, akaligeuza ndani na nje. Fundi alikaa mbele ya cherehani, miguu haikanyagi, mkono haushoni. Alisubiri.

Nesi akalivaa. Akafunga vifungo vyote, na jua lile lote.

"Usinifungie kwenye mfuko," alisema. "Ninaondoka nalo hivi hivi."