Kisu Numero 417

Mimi nilimufukuza muntu aliyekuja kuokoa bibi yangu, mama ya mutoto wangu.

Nilimufukuza na kisu!

Na miaka yote hii mumesoma hapa kwenye simu namna ninavyolaumu wakubwa kwa kifo cha Adolphine... Leo someni mpaka mwisho, kisha munihukumu.

Ilikuwa mwaka 2002. Mji wetu Kindu umefungwa na vita. Hakuna kwenda shamba, gari moshi haifiki, chumvi watu wanaificha kama dhahabu.

Nilikuwa na baiskeli, hiyo njo ilikuwa inatulisha. Afande mmoja akaitamani. Akaichukua, akaniachia sanduku.

Sanduku jeusi, ndani kitambaa laini chekundu. Kisu chenye kichwa cha tai kwenye mpini. Sarafu sita zinang'aa, zenye sura za wafalme. Na karatasi ya kizungu yenye muhuri mukubwa.

"Unaona hapa kwenye kisu? 417," afande akasema. "Vitu vya numero ni vya matajiri. Ukiuza hii, unajenga nyumba ya mabati!"

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primeri. Kwetu karatasi yenye muhuri njo inakupitisha kwenye barieri ya askari, njo inakutupa gerezani. Nani aliwahi kutufundisha kama muhuri unaweza kudanganya? Hao hao wakubwa wenye mihuri?

Basi nikaamini.

Kisha malaria ikamushika Adolphine. Vibaya sana!

Jirani yetu Safia akaleta vidonge vyake. Nikavirudisha. "Bibi yangu si muombaji," nikasema. Ndiyo, nilisema vile...

Kesho yake akaingia Zuberi, muchuuzi wa mtaa wa Alunguli. Muntu mwerevu, hata ndizi alikuwa anaigeuza mara tatu kabla ya kununua.

"Papa Divine, nasikia una sanduku. Nipe. Iko serumu ya kutundika, iko kinini, na muganga wa hospitali atakuja kumuchoma sindano hapa hapa."

"Dawa tu?"

"Na kopo mbili za chumvi."

"Zuberi, unaniona mujinga? Hii ina numero!"

Adolphine akanyanyua kichwa kwenye mukeka.

"Papa Divine... mupe tu. Hicho kisu hakikati hata majani ya sombe."

"Nyamaza, mama. Wewe hujui bei ya vitu."

Siku ya pili Zuberi akaongeza sabuni. Nikacheka. Kumbe anazidisha! Basi nikingoja, atazidisha tena.

Jumatano akaja na serumu mukononi, muganga nyuma yake.

Nikachomoa kile kisu.

"Tokeni! Munangoja azidiwe ili bei ishuke!"

Walitoka mbio. Chupa ya serumu ikamuponyoka Zuberi, ikapasukia mulangoni.

Alhamisi, adhana ya adhuhuri inalia, Adolphine akanyamaza.

Binti yetu Divine alikuwa na miaka mitano. Nilimulea na hadithi moja tu: wakubwa waliua mama yako, na Zuberi alitaka kutuibia.

Mwezi uliopita Divine akaniambia:

"Papa, kaburi ya mama imebaki udongo tu. Uza lile sanduku, tuijenge."

Tukaenda kwa Ilunga, fundi wa dhahabu. Akatoa sumaku.

Sarafu zikaruka, tak! Zikaganda zote sita!

"Papa Divine, hii ni chuma. Wamepaka rangi tu."

"Na numero?"

Akasoma karatasi. "Wanasema 417 kati ya elfu hamsini. Mashine ilikuwa inavitoa kama mama anakaanga mikate."

"Na muhuri?!"

"Wa kiwanda, papa. Wamejisifu wao wenyewe."

"Basi bei yake?"

"Sanduku si baya. Dada huyu anaweza kuweka sindano zake za kushona ndani."

Watu wakacheka. Nikafoka:

"Basi Zuberi njo alikuwa mujinga! Kutoa dawa yote ile kwa takataka!"

Divine hakucheka. Alinitazama.

"Papa... Zuberi amewahi kununua kitu kibovu?"

Nikafunga sanduku, tukaenda Alunguli.

Tulimukuta Zuberi mbele ya nyumba yake, muzee sasa, miguu imevimba.

"Ulijua haina bei?" nikamuuliza, bila hata salamu.

"Tangu siku ya kwanza."

"Sasa ulikuwa unatafuta nini kwangu?"

Zuberi akaita bibi yake, naye akaleta kifurushi cha plastiki.

Vikwembe vitatu, vitenge vya wax... Nilivijua! Mimi mwenyewe nilivipeleka kwa wakwe siku ya ndoa.

"Siku ile uliyorudisha vidonge, Adolphine alivileta hivi kwa miguu yake, anatetemeka na homa," Zuberi akasema. "Akaniambia: 'Hivi njo bei ya dawa. Ujifanye unanunua sanduku ya bwana yangu. Serumu haifichiki nyumbani, na dawa ya sadaka hataikubali. Usimuambie nimeuza vikwembe vya ndoa, atasikia haya. Acha ajue ni yeye aliniponyesha.'"

"Mbona hukuniambia ile Jumatano?!"

"Nilikuwa nimemuapia. Na baada ya maziko... ningekuambia, ungefanya nini na maisha yako?"

Miaka yote nilimutukana sokoni, kanisani, hapa kwenye simu. Naye alikuwa amenyamaza, akitunza vikwembe vya bibi yangu bila kuviuza.

Ndugu zangu, wakubwa bado nawalaumu. Waliufunga mji, walichukua baiskeli yangu. Lakini ile Jumatano hakuna mukubwa aliyenishika mukono. Kisu nilichomoa mimi.

Funzo? Kama bibi yako anakuambia kitu hakina bei, musikilize angali anasema.

Jumapili Divine alivaa kikwembe kimoja cha mama yake, akapita mbele yangu kwenda kaburini. Nikamuita.

Hakugeuka.

Musiniandikie pole. Andikeni jina la Zuberi hapa chini kwa heshima, nitaenda kumusomea.