Mashahidi Wawili wa Sio Port

Nina miaka kumi na sita, nasoma hapa Malaba, na darasani mimi ndiye wa kuchekesha. Mwalimu akitupa mgongo, mimi namwigiza anavyotembea. Nilijiona mjanja sana... kumbe!

Muhula uliopita, mwalimu wa jiografia alitaka tuandike habari za miji midogo ya huku kwetu, zibandikwe kwenye ubao wa lango la shule zisaidie wasafiri. Rafiki yangu Okiru aliandika juu ya Sio Port, kule ziwani. Kazi ya kuhakikisha nikapewa mimi. Sharti lilikuwa niulize watu wawili wa mji ule, tena wasiojuana.

Nani aendeshe baiskeli kutoka Malaba mpaka ziwani kuulizia boti? Nilikaa nyuma ya stesheni nikitafuna mahindi ya kuchoma, nikawatunga mashahidi wangu: Mzee Barasa mwenye jino moja, na Mama Apiyo mwenye sauti ya tarumbeta. Wote wawili “walikubali” maneno ya Okiru kwamba boti ya visiwani Uganda huondoka Jumatano asubuhi. Mwalimu akanisifu mbele ya darasa!

Haukupita muda mrefu, Jumatatu moja asubuhi, ikaja habari kutoka kisiwa kimoja cha huko Uganda. Mjomba, kaka pekee wa mama, alikuwa mahututi. Yeye na mama walikosana kwenye matanga ya babu, na tangu siku hiyo hawakusemeshana. Sasa alikuwa anamwita wapatane.

Mama alitaka kuondoka saa ile ile. Lakini alikuwa amesomewa ule ubao, akaona hakuna haraka, atoke Jumanne. Akifunga kitambaa chake akaniuliza kama nina hakika na hiyo boti.

“Mama, nimehakikisha mwenyewe.”

Kwa nini nilisema hivyo? Niliogopa kuchekwa... mimi niliyezoea kuwacheka wengine!

Jumanne darasani sikusikia kitu. Saa ya chakula nikakimbia sokoni kwa mama mmoja anayeuza samaki wakavu kutoka ziwani, hatua chache tu kutoka shuleni.

“Boti ya Sio Port?” akasema. “Hiyo imeenda leo asubuhi, kijana. Ingine ni wiki ijayo.”

Nilichukua baiskeli ya Okiru bila kuomba. Adungosi, Busia, vumbi mdomoni, magoti yakiwaka moto. Jua likielekea kuzama nikamkuta mama ufukoni, amekalia mzigo wake, anangoja boti ya kesho. Nikamwambia yote.

“Ulimwuliza nani?”

“Hakuna, mama.”

Hakunipiga. Aligeukia maji. Heri angenipiga!

Mawimbi yalikuwa makali, wapiga makasia tuliowaomba wakakataa kutuvusha mpaka Alhamisi. Tulipofika, udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi. Mke wa mjomba alitueleza kwamba tangu Jumanne, kila aliyeingia nyumbani, mgonjwa aliuliza kama ni dada yake.

Wenzangu mnaopenda mzaha, chekeni, lakini msiseme mmehakikisha jambo ambalo hamkuliuliza. Nawasihi! Kuna mtu atafunga safari kwa neno lenu.

Mama hajanitukana hata leo. Ila nikimwambia mvua inanyesha, anatoka mlangoni kwanza, ananyoosha mkono.