Tanuru la Babu Wilibrodi

"Kijana, umemwita babu yangu kichuguu?"

Mzee Kalisti aliuliza taratibu, kidole juu ya kioo cha kompyuta. Sebule nzima pale kijijini Mwazye ikamgeukia mgeni. Bertilla, binti yake, alitamani ardhi ipasuke immeze. Utafiti ulikuwa wake, historia ya matanuru ya Wafipa ya kuyeyushia chuma. Ramani aliichora mchumba wake Asajile, mpimaji ardhi kutoka Mbeya, aliyekuja siku hiyo kujitambulisha ukweni.

"Samahani, mzee. Droni ilipiga picha bonde lote. Pale panaonekana kichuguu tu."

"Pale babu Wilibrodi aliyeyusha chuma! Watu walilimia majembe yake mpaka kule ziwani. Funga kompyuta yako, uende."

Nje, Bertilla alimkabili.

"Asa, ulishuka kwenye gari?"

"Mpenzi, zile picha ni safi kabi..."

"Ulishuka?"

Asajile akatazama viatu vyake. Jamani, vilikuwa vinang'aa kama vya bwana harusi.

"Nakupenda, tena sana. Lakini siolewi na mtu anayewafuta wazee wangu bila hata kukanyaga ardhi yao."

Siku tano zikapita. Bertilla hakula, hakulala. Ya sita, simu ikalia mlio wa ujumbe: "Nakuja leo. Mwambie mzee nimeshuka kwenye gari."

Akaja kweli, matope hadi magotini. Akapiga goti mbele ya Mzee Kalisti na kufungua kiganja. Kilikuwa na bonge jeusi, zito, kama jiwe lililoyeyuka.

"Shikamoo, mzee. Haya ni mavi ya chuma. Nimeyaokota pale nilipopaita kichuguu. Nimetembea bonde lote na simu mkononi, kila tanuru nikaliwekea alama kwenye ramani. Yako kumi na moja. Nilikosea."

Mzee akaligeuzageuza lile bonge, machozi yakimlengalenga.

"Kumi na moja! Wahunzi walikuwa kumi na moja kweli, ila matanuru sisi tulikuwa tunahesabu saba."

"Ila majina ya wenyewe sina. Mashine haiyajui."

"Nayajua mimi. Andika Wilibrodi."

Asajile akaandika. Bertilla alipoliona jina lile likitokea katikati ya ramani ya Ufipa, kifua kilimjaa fahari, akawa anacheka huku analia.

"Mbona herufi ndogo hivyo?" mzee akalalamika. "Kuza, wasome hata walioko Kipili, kule ziwani."

"Baba, inatosha!"

"Haitoshi. Na wewe, mkwe wangu, kaa vizuri. Tumalize majina kumi yaliyobaki, ndipo tuzungumze habari ya posa."